Mkoba wa Mwanafunzi na Katiba ya Marekani

Wengi wetu hudhani kuwa katiba ni kazi ya wabunge na majaji, wala haifiki shuleni. Huko Marekani, ndugu wasomaji, ilifika mpaka ndani ya mkoba wa msichana.

Kwanza yafaa tujue asili yake. Wamarekani walipotawaliwa na Mfalme wa Uingereza, maofisa wa forodha walikuwa na hati za jumla za kuingia nyumba yoyote kutafuta magendo. Mwaka 1761, mjini Boston, wakili James Otis alizipinga mahakamani akashindwa, lakini uchungu ulibaki. Baada ya uhuru, mwaka 1791, wakatia katika katiba Marekebisho ya Nne: mtu, nyumba yake, karatasi zake na mali yake havitapekuliwa bila sababu ya haki, na hati ya upekuzi sharti itaje mahali na kitu kinachotafutwa.

Je, mwalimu naye ni serikali? Mwaka 1980, katika shule moja ya New Jersey, wasichana wawili walikutwa wakivuta sigara chooni. Mmoja, wa miaka 14, alikana akasema havuti kabisa. Makamu wa mkuu wa shule akafungua mkoba wake, akaona sigara na karatasi za kusokotea. Akaendelea: bangi, kiko, fedha, orodha ya wanafunzi wenye kudaiwa, na barua mbili, ambazo alizisoma. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwalimu wa shule ya serikali amefungwa na katiba kama ofisa mwingine. Ila hahitaji hati ya hakimu. Yatosha awe na sababu ya maana ya kushuku, na upekuzi usizidi kiasi cha jambo lenyewe. Msichana akashindwa, majaji sita kwa watatu. Mimi naona ilikuwa haki, maana kila hatua ilizaliwa na ile iliyotangulia.

Lakini mpaka upo. Mwaka 2003, huko Arizona, msichana wa miaka 13 alishukiwa kuwa na vidonge vya maumivu, akavuliwa mpaka nguo za ndani. Hakikuonekana kitu. Mwaka 2009 majaji wanane kati ya tisa walisema katiba ilivunjwa. Mkoba, sawa, mwili, hapana, kwani hapakuwa na sababu ya kudhani vidonge vimefichwa huko, wala havikuwa vya hatari kubwa.

Katiba yetu ya Tanzania nayo, katika ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Sisi wa bweni maskani yetu ni kitanda na sanduku. Sipingi masanduku kukaguliwa. Wezi wapo, na pasi ya bweni haikutembea yenyewe. Ningeomba tu mwenye sanduku awepo, aambiwe kinachotafutwa, na kama ni pasi, barua ya mama yake isifunguliwe, maana pasi haiingii katika bahasha.