Mafunzo Niliyopata Nikiiweka Susuni Kwenye Ramani

Huku kwetu Susuni, Tarime, na kwa jirani zetu wa Serengeti, msimu wa tohara ukifika Desemba zipo familia zinazoandaa sherehe na wapo mabinti wanaotafuta pa kukimbilia wasikeketwe. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Lakini askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akipigiwa simu usiku wa manane, swali lake la kwanza si la kisheria: "Ni wapi hapo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuchora ramani. Nilijiunga na Crowd2Map, mradi wa kuchora ramani ulioanza 2015 chini ya Janet Chapman wa Uingereza. Mkoani Mara mradi huo ulishirikiana na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na leo anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama.

1. Setilaiti huona bati, jina haioni

Watu wa kujitolea walio mbali, wengine hawajawahi kukanyaga Afrika, huketi na kompyuta zao wakachora nyumba na barabara kutoka kwenye picha za angani. Wanaziweka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa 2004 ambayo yeyote anaweza kuihariri. Wanatusaidia sana. Ila kutoka angani, zizi na nyumba ya kulala havina tofauti, na njia ya ng'ombe hugeuka barabara ya gari.

Majina tunayaweka sisi. Unasimama mahali peupe, mbali na migomba, unasubiri simu itulie hadi ionyeshe kwamba inakosea kwa mita chache tu, ndipo unabonyeza. Kisha unauliza. Bibi mmoja aliyekuwa akianika muhogo alinitajia jina la kitongoji, nikaandika. Nikiwa nimeshageuka akaniita: "Mjukuu wangu, umeandika na lile la zamani? Wa ng'ambo ya mto hilo jipya hawalijui." Tukaandika yote mawili, kwa sababu binti anayekimbia atataja lile analolisikia kwa mama yake.

2. Ramani inayodai bando haifai mpakani

Kwetu ukipanda kilima simu inashika mtandao wa Kenya, salio linayeyuka. Ukishuka bondeni hupati wa Kenya wala wa Tanzania. Kwa hiyo ramani tunaipakua mjini kabla ya kutoka, na fomu zinajazwa zikabaki ndani ya simu hadi tupate mtandao. Na chaji? Ya simu janja huisha haraka, ndiyo maana simu ya batani bado ni mfalme. Taarifa nyingi za hatari hupitia huko, kwa mwenye bodaboda anayeaminika au namba 116 ya watoto, ambayo hailipiwi.

3. Si kila unachokijua ukiweke

Vijana wenzangu walitaka kila kitu kionekane. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Ramani iliyo wazi huonekana pia na baba anayemsaka bintiye. Shule, zahanati, daraja na ofisi ya kijiji tunaviweka. Jina la binti, au boma ilikotoka taarifa, hayaingii kabisa. Hayo ni ya Dawati na nyumba salama peke yao.

4. Wazee waanze na yao

Mbele ya wazee wa mila hatukufungua mkutano na ukeketaji. Tuliwaonyesha mto wao kwenye kioo cha simu, wakasogea, wakaanza kubishana josho liko upande gani. Ubishi ulipoelekea kwenye mipaka ya koo tuliufunga: mipaka hiyo imeshamwaga damu huku, nasi hatuichori. Mzee mmoja akaomba kisima chake kiwekwe, tukakiweka hapo hapo. Nilipomuuliza habari za wajukuu zake wa kike na msimu unaokuja, alisema hayo tutayazungumza. Bado tunayazungumza.