SOMO: UA LA UANI NA UVIMBE WA TAYA
Ndugu wanakamati na wafadhili, hapa Kibaha na Kisarawe wengi tunalo uani lile ua dogo jeupe au la rangi ya waridi, lenye petali tano. Asili yake ni Madagaska. Majani yake yana kemikali iitwayo vinkristini.

Seli zinazooteshwa maabara kwenye kisahani, zinapogawanyika, hutengeneza nyuzi za kuvuta kromosomu pande mbili. Vinkristini hushika protini inayojenga nyuzi hizo, zisiundike. Seli hukwama katikati, na nyingi hufa. Uvimbe wa taya kwa watoto, alioueleza Dkt. Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na kazi yake Kampala, hukua upesi mno, hivyo dawa hii pamoja na nyingine huuweza.

Wapo wanaochemsha majani haya wakidhani ni dawa ya kila kitu. Jamani! Kupata vinkristini kidogo tu huhitaji majani makavu mengi mno, na majani hayo yana sumu nyingine. Dawa yenyewe huingizwa kwenye mshipa wa damu tu, hospitalini.

Mtoto akivimba taya na meno kulegea, kamati itafute nauli ya Tumbi au Hospitali ya Wilaya Kisarawe wiki hiyo hiyo, ili apate rufaa ya Muhimbili.