Barakoa ya Kitambaa: Namna ya Kuishona na Mipaka Yake

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, barakoa zilianza kutafutwa kila mahali, na mafundi cherehani wakaingia kazini. Nyingi zilivutia kwa rangi za vitenge, ila zilikuwa nyepesi mno, au zimeacha mwanya puani na mashavuni. Barakoa ya namna hiyo hukusaidia kidogo sana.

Katika wilaya za Hanang na Mbulu, barakoa bado ina kazi. Inamfaa mwenye mafua makali anayelazimika kupanda gari la abiria kwenda Babati, anayemuuguza mgonjwa katika nyumba ya chumba kimoja, na anayefagia ghala au kupura maharage upepo wa kiangazi ukivuma. Tope la Mlima Hanang lilipoporomoka tarehe 3 Desemba 2023 na kuharibu makazi Katesh, Jorodom na Gendabi, familia nyingi zilihifadhiwa pamoja shuleni. Penye msongamano kama huo, kikohozi cha mmoja huwafikia wengi upesi.

Chagua kitambaa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Juni 2020 ulishauri tabaka 3. La ndani, linalogusa mdomo, liwe pamba, kwa kuwa pamba hunyonya unyevu. La nje liwe kitambaa kisicholowa haraka, kama mchanganyiko wa pamba na polista. La katikati ni la kuchuja, na hapo hutakiwa kitambaa kisichofumwa, cha polipropilini. Mifuko mingi iliyokuja sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni ya kitambaa cha aina hiyo. Tafuta mfuko mpya usio na maandishi, uufue, kisha uweke mdomoni uvute pumzi. Ukikubana, uache, tumia pamba tabaka zote 3.

Ukinunua mtumba mnadani na huna hakika kama ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Halafu inua kitambaa kwenye mwanga wa jua: kikipitisha mwanga mwingi, ni chepesi mno. Kitenge kizito au shuka ya pamba hufaa.

Kata na ushone

Fua vitambaa kwanza ili virudi kabla ya kukatwa. Kwa mtu mzima, kata vipande 3 vya sentimita 22 kwa 18, na lastiki 2 za sentimita 18. Ukikosa lastiki, shona kamba 4 za kufunga kisogoni, kila moja sentimita 45.

1. Tandaza kipande cha nje, uso wake ukitazama juu. Kwenye kila ubavu mfupi, bana ncha mbili za lastiki karibu na pembe, kitanzi kikielekea katikati.
2. Weka juu yake kipande cha ndani, uso wake ukitazama chini, kisha kipande cha kuchujia juu ya vyote. Bana kwa pini.
3. Shona kuzunguka, sentimita 1 kutoka ukingoni. Kwenye ubavu wa juu acha nafasi ya sentimita 6. Rudia mshono penye lastiki, maana hapo ndipo huachia kwanza.
4. Geuza kazi kupitia nafasi hiyo. Ingiza waya mwembamba wenye ncha zilizokunjwa, kisha shona nafasi hiyo na upitishe mshono chini ya waya ili usihame.
5. Kunja marinda 3, yote yakielekea chini, hadi kimo kibaki kama sentimita 9. Shona pembeni kuyashika.

Vaa mbele ya kioo na ubonyeze waya ufuate pua. Barakoa ifunike pua, mdomo na kidevu. Ukihisi pumzi ikikupiga machoni, bana waya zaidi. Ikitokea mashavuni, fupisha lastiki.

Kwa mwanafunzi, punguza kipande kiwe sentimita 18 kwa 14. Mtoto wa miaka 5 au chini yake asilazimishwe kuvaa, na wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa.

Itunze

Nawa mikono kabla ya kuivaa na baada ya kuivua, na uishike kwa kamba tu. Ikilowa, badilisha. Ifue kila siku kwa sabuni na maji ya moto, uianike juani. Kama tabaka la kati ni la polipropilini, pasi ya mkaa italiyeyusha. Nyanda za juu za Mbulu nguo huchelewa kukauka wakati wa baridi, hivyo shona 3 kwa kila mtu.

Mahali isipotosha

Kitambaa hupunguza matone ya anayekohoa na vumbi la chembe kubwa. Hakizuii vumbi laini la mawe, wala mvuke wa dawa za kuua wadudu. Kijana anayekwenda Mirerani kuchimba tanzanite, au mkulima anayenyunyizia dawa shambani, anahitaji kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena barakoa si tiba. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku au kukonda, aivae na aende kituo cha afya kilicho karibu akapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma, na wengi wanaomaliza dozi yote hupona. Nyumbani fungueni madirisha, na msimtenge mgonjwa wenu.