Kutoka Fununu hadi Uamuzi: Lugha katika Ujumuishaji wa Taarifa za Usalama Ainabkoi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii inaafiki hali ya Ainabkoi, eneo bunge la Kaunti ya Uasin Gishu lililomegwa kutoka Eldoret Mashariki kabla ya uchaguzi wa 2013. Burnt Forest, mji mdogo wa eneo hili ulioko kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ulikumbwa na ghasia za kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Makala haya yanadai kuwa kinachokosekana mara nyingi si habari, bali uunganishaji wake. Na kwamba kuunganisha habari ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mitambo.

Onyo lisilozaa uamuzi

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyowasilisha ripoti yake Oktoba 2008, iliorodhesha vifo 1,133 nchini Kenya. Ilibainisha kuwa idara ya ujasusi ilikuwa imetabiri ghasia, ila vyombo vya usalama havikujiandaa ipasavyo wala kushirikiana vilivyo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa likiwa limejaa watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Onyo lilikuwepo, lakini halikuwafaa waliolihitaji.

Ngazi za habari

Kiswahili kinatupa istilahi za kuainisha habari hizi. Fununu ni neno livumalo bila mwenyewe. Taarifa ina msemaji, mahali na wakati. Ushahidi ni taarifa iliyokwisha kupimwa kwa nyingine. Tuchukulie mfano wa kubuni: mchuuzi anamwona jirani akihamisha samani usiku, mwalimu anagundua kuwa watoto wa jamii moja wametoweka darasani, dereva wa matatu anaona mawe yamerundikwa kando ya barabara. Kila jambo likiwa peke yake laweza kupuuzwa. Yakiwekwa pamoja kwenye ramani moja na kalenda moja, yanakuwa onyo. Hata hivyo, watu kumi waliopokea ujumbe uleule wa simu si mashahidi kumi. Hicho ni chanzo kimoja kilichorudufiwa.

Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake walianzisha jukwaa la Ushahidi, lililopokea taarifa za wananchi kwa intaneti na simu na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya katiba ya tarehe 4 Agosti, jukwaa la Uwiano lilikusanya ujumbe mfupi kupitia nambari 108 ili hatua zichukuliwe mapema. Majina haya mawili ya Kiswahili yanataja kazi mbili zinazotegemeana: kuthibitisha na kulinganisha.

Neno na muktadha

Neno "madoadoa" ni mfano bora wa ugumu wa kulinganisha. Kwa maana ya kamusi, ni mabaka ya rangi. Mfugaji wa Kaptagat hulitumia kumweleza ng'ombe wake wa maziwa. Katika siasa, limetumiwa kuwataja watu wanaohesabiwa kuwa wageni wa kuondolewa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano mjini Eldoret, na Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikalitia katika orodha ya maneno ya chuki. Programu inayohesabu maneno pekee itamshuku mfugaji, na huenda ikampita mchochezi aliyebadilisha tamathali au aliyesema kwa lugha ya mama.

Hitimisho

Yamkini wataalamu wa Kiswahili wamejiweka kando ya mjadala huu kwa kuudhani kuwa wa askari na wahandisi. Ilhali wao ndio wanaoweza kuandaa, pamoja na wasemaji wa Kikalenjin, Gikuyu na lugha nyingine za Ainabkoi, faharasa ya mafumbo ya kisiasa inayoonyesha maana, muktadha na mabadiliko yake kabla ya kila uchaguzi. Faharasa hiyo haitamwamulia kamanda wala chifu. Itawawezesha kutofautisha mzaha na tishio, ili askari wapelekwe kwenye hatari ya kweli na mfugaji asiye na hatia asisumbuliwe.