Usifiche Kidonge, Usikiache Ghafla
Kijitabu cha elimu ya afya kwa wasichana, wazazi na wenza wa Tunduma

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu malalamiko yamezidi. Msichana anafika kituoni hedhi imekatika miezi minne, uso umevimba na kuwa mviringo, tumbo na mapaja yamejaa michirizi ya zambarau. Mama yake amesimama nyuma, analalamika kwamba wamepima malaria, wamepima taifodi, wametumia hela na hakuna kilichoonekana. Tunaulizwa: nyie wataalamu, mbona hamjui kinachomsumbua mtoto?

Jibu letu linaudhi, lakini ndilo hilo. Mara nyingi hatujui kwa sababu hatuambiwi. Kidonge kiko kwenye mkoba, kopo la krimu liko chini ya godoro, na mgonjwa ameapa kwamba hatumii kitu chochote.

Tutarudia neno moja katika kurasa hizi mpaka msomaji achoke: usifiche unachotumia, na usikiache ghafla.

MWILI UNAPOBADILIKA

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusambazwa na damu mwili mzima. Ndizo zinazopanga hedhi, nywele, uzito, usingizi na hata hasira. Zikivurugika, msichana anaweza kunenepa au kukonda bila sababu, kuota ndevu, kujaa chunusi, kutoka maziwa wakati hajazaa, au kukosa hedhi.

Si kila badiliko ni ugonjwa. Mimba ndiyo sababu ya kwanza ya hedhi kukatika, na kwa hiyo kila msichana atapimwa mimba, awe mwanafunzi, mtawa au binti wa mchungaji. Msikasirike. Sindano na kijiti cha uzazi wa mpango vinaweza kupunguza hedhi au kuikata kabisa, na hilo linajulikana. Kuna pia wanaomeza P2 kila wikendi kama peremende, kisha wanashangaa kuona damu siku zisizo zake. P2 ni ya kuzuia mimba kwa dharura. Anayeihitaji kila wiki aje achaguliwe njia nyingine.

Kuna dalili ambazo haziruhusu kusubiri. Sauti ikiwa nzito na ndevu zikaota ndani ya miezi michache, huenda kuna uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi adrenali, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Ule ugonjwa wa vifuko vidogo kwenye ovari, ambao wasichana wengi wameusikia, kwa kawaida huanza taratibu tangu balehe. Haumbadilishi mtu kati ya Pasaka na Krismasi. Maziwa yakitoka pamoja na kuumwa kichwa na kupungua kuona kwa pembeni, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo ichunguzwe. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula vizuri ni sababu ya kupima tezi ya shingo. Na aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yasitoke na hedhi isirudi, amweleze daktari habari ya uzazi ule hata kama umepita muda mrefu.

KOPO NA KIDONGE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tunduma ni mji wa mpakani. Tangu Oktoba 2019 tuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja kati yetu na Nakonde ng'ambo ya mpaka, na mizigo halali inapita pale kwa utaratibu. Isiyo halali inapita njia za panya. Katika hiyo kuna mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, na kuna vidonge vya kunenepesha na kuongeza shepu, vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mkononi na kufungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina.

Vidonge hivyo vina nini? Vinavyojulikana zaidi kwa matumizi haya ni viwili. Cha kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Cha pili ni deksamethasoni, na wakati mwingine prednisoloni. Hizi mbili za mwisho ni steroidi. Hospitalini zinaokoa maisha ya watu wenye pumu kali, mzio mkubwa na magonjwa mengine. Ni dawa za cheti cha daktari. Anayekuuzia pembeni ya barabara anajua hivyo, ndiyo maana hakupi boksi.

Steroidi inafanana na kotisoli, homoni ambayo tezi adrenali hutengeneza kila siku. Ikimezwa kwa wingi, mafuta hukusanyika usoni, tumboni na nyuma ya shingo, wakati mikono na miguu inakonda. Msichana anasifiwa kwamba amependeza, amenawiri. Baadaye mapaja yanakosa nguvu, hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Presha inapanda, sukari inapanda, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu, mifupa inadhoofika, hedhi inapotea. Hapo sifa zimekwisha na maneno ya kurogwa yameanza.

Mkorogo unaweza kufanya hayo hayo. Wengi hawaamini kwamba kitu cha kupaka kinaingia kwenye damu. Kinaingia. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimekutwa na klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Daktari huiandika kwa sehemu ndogo ya ngozi na kwa muda mfupi. Huku mitaani inapakwa kuanzia paji la uso hadi kidole cha mguu, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki vikome kutengenezwa, kuingizwa nchini na kuuzwa nje ifikapo mwaka 2025. Muda huo umepita. Aliye na kopo la namna hiyo dukani hana cha kujitetea.

USIACHE GHAFLA

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Msichana akisoma ukurasa uliopita anaweza kushtuka na kutupa vidonge vyote chooni leo hii. Asifanye hivyo.

Mwili ukiletewa steroidi kutoka nje kwa wiki tatu au zaidi, tezi adrenali zinaweza kuacha kufanya kazi yao. Zinalala. Ukikata dawa siku moja, mwili unabaki bila ya dukani na bila ya kwake. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, tumbo linauma, kizunguzungu kinamshika akisimama, presha inashuka, anaweza kuzimia na kufa. Wauguzi wanaweza kudhani ni malaria kali au sumu kwenye chakula, na ndugu wakadhani ni mambo mengine kabisa. Homa, ajali, upasuaji au uchungu wa kujifungua huongeza hatari hiyo, kwa sababu mwili huhitaji kotisoli zaidi wakati huo. Hata aliyeacha miezi kadhaa iliyopita anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo: usiongeze dozi, usigawie rafiki, usikate mwenyewe. Beba kila ulichonacho uende kituoni siku hiyo hiyo. Daktari atapunguza dozi hatua kwa hatua, kazi inayoweza kuchukua wiki au miezi. Ukianza kutapika na kuzimia, wahi dharura na useme kwa kinywa chako, au aseme aliyekuleta: "Ametumia steroidi." Maneno mawili hayo yanamwelekeza daktari kwenye sindano sahihi.

Tunarudia kwa wazazi. Ukikuta vidonge kwenye begi la binti yako, usivichome moto kwa hasira. Mpeleke navyo kituoni, na viboko weka pembeni.

UKIFIKA KITUONI

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Utapimwa mimba, presha, sukari na uzito, na utaulizwa maswali mengi. Una haki ya kuzungumza na mhudumu faragha, mama au mume akisubiri nje. Taja kila kitu: krimu, sabuni, vidonge, dawa za miti shamba, sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vya kukuza nywele. Vyenye bayotini kwa wingi vinaweza kupotosha majibu ya kipimo cha tezi ya shingo. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kuleta maziwa na kukata hedhi. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonaviri aseme pia, maana hufanya steroidi ikae mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya kijiti.

Vipimo vya homoni vina masharti yake. Kotisoli hupimwa asubuhi, saa mbili hivi, kwa sababu hupanda na kushuka kwa siku. Na hapa ndipo anayeficha anapojiumbua: sura inaonyesha kotisoli nyingi, ilhali damu ya mtumiaji wa deksamethasoni inaonyesha kidogo mno. Daktari akiona hivyo anajua kuna kitu kinaingia kutoka nje. Ungesema tangu mwanzo ungeokoa nauli ya kwenda Mbeya na kurudi.

Kisichowezekana hapa kitapelekwa kwa rufaa hospitali ya Vwawa, na kikizidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wenye bima wafuate ngazi za rufaa na wabebe kadi na kitambulisho. Masharti mengine muulizeni mhudumu wa bima dirishani.

KWA WAUZAJI

Tumezunguka masokoni na shuleni kutoa elimu hii. Wauzaji hawawezi kudai hawajasikia. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza deksamethasoni kwa mtu asiye na cheti, na saluni si duka la dawa. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi asiyejua apeleke wapi taarifa akumbuke hivyo: kopo TBS, kidonge TMDA. Akishindwa kutofautisha, apeleke kwa ofisa afya wa kata.

Kwa ushauri wa afya piga 199. Na wewe uliye na kikaratasi cha vidonge mkobani sasa hivi: kilete leo hii, pamoja na kopo, hata kama limebaki tupu. Usifiche, na usiache ghafla.