KUHESABU MAGARI BARABARANI

Mali bila daftari hupotea bila habari, na barabara nayo ni mali. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu namna magari yapitayo yanavyohesabiwa, na kwa nini hesabu hiyo yatuhusu sisi watu wa Shanwe na Mpanda yote.

Namna ya kale ni mtu kuketi kando ya barabara na karatasi, akitia alama kila gari lipitapo. Kazi hii ni njema, maana jicho hutambua baiskeli, pikipiki, basi na lori. Lakini mtu huchoka, na usiku humshinda. Ndiyo sababu vilifanywa vyombo vya kuhesabu.

Chombo kimoja ni mpira mwembamba wenye uwazi ndani, ulazwao kukingama barabara. Gurudumu likiukanyaga, hewa iliyo ndani husukumwa mpaka kwenye kisanduku kilichofungwa kando, nacho huandika moja. Chombo kingine ni waya uliozungushwa na kufukiwa ndani ya lami, nao hupitishwa umeme. Chuma cha gari kikiwa juu yake, umeme ule hubadilika kidogo, na chombo hutambua.

Lakini angalieni sana: mpira hauhesabu magari, bali ekseli, yaani vile vyuma viungavyo magurudumu ya kushoto na ya kulia. Ukiandika 600, yawezekana ni magari madogo 300 yenye ekseli mbili mbili, au malori 100 yenye ekseli sita sita. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Tofauti yake si ndogo, kwani majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, tangu 1958 hata 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, barabara huumia kadiri ya mara 16. Kwa hiyo hulazwa mipira miwili kwa umbali uliopimwa, ili mwendo wa gari na nafasi iliyo kati ya ekseli zake vijulikane, na lori litengwe na gari dogo.

Tena, hesabu ya wakati wa mvua peke yake huyakosa malori ya mahindi na mpunga yajayo baada ya mavuno. Wala vyombo hivi havimhesabu aendaye kwa miguu. Mtoto avukaye kwenda shule hataonekana humo, isipokuwa mtu amemhesabu kwa macho.

Hesabu hizi husaidia kuamua unene wa barabara, na ipi itangulie kutengenezwa. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Basi mtu akikata mpira ule apate kamba ya kufungia mzigo, ajue kwamba amewafuta jirani zake katika daftari: magari yatapita, nayo barabara itaandikwa kuwa tupu. Wazee wa mitaa, waonyeni vijana mapema.