Meza ya kupanda na kushuka itaniponya mgongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina duka la steshenari hapa Ilembula, nachapa barua na fomu za watu kutwa nzima nimekaa. Ikifika jioni, mgongo na shingo vinauma. Nimeona kwenye simu meza maridadi ya umeme, inapanda na kushuka. Ninunue? – Mama wa Steshenari

JIBU: Marahaba, mama. Meza hiyo haitibu mgongo; kazi yake ni kukurahisishia kubadili mkao. Kinachochosha misuli ni kuganda mkao mmoja kwa saa nyingi. Hata kusimama kutwa kuna madhara: miguu huvimba na nyayo huuma.

Kabla hujatoa fedha, chukua futi upime. Kaa nyayo zikiwa chini na mabega yamelegea, kisha kunja viwiko: meza ikome usawa huo. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kwa mtu mfupi hapo mabega hupanda, shingo ikaumia. Dawa yake ni kuinua kiti na kuweka kibao cha kukanyagia. Ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho.

Meza ya umeme husimama umeme unapokatika. Wewe upo jirani na Makambako, mbao za paini hazikosekani. Mwagize seremala kaunta ya kusimamia, ikufike kiwikoni. Kwa mtu wa sentimita 160 ni kama sentimita 100. Achague mbao kavu, zisije zikapinda. Ukitaka urembo, paka rangi isiyong'aa, maana vanishi inayometameta hurudisha mwanga wa dirishani machoni.

Kuchapa fanya umekaa. Kudurufu, kubana karatasi na kupokea wateja fanya umesimama. Usipitishe nusu saa bila kubadili mkao. Zaidi ya hapo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika.

Lakini ukiona ganzi au udhaifu miguuni, homa, kupungua uzito, jasho la usiku, au ukishindwa kuzuia haja, achana na habari za meza. Wahi Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula siku hiyohiyo.